Mapaja ya Bata Mzinga na Mikono Mitatu ya Sosi

Habari hii ni ya kweli tupu, kuanzia shingoni hadi kwenye ukucha. Haikuongezwa chumvi, isipokuwa ile iliyopakwa kwenye nyama. Anayetaka kubisha ale kwanza ashibe, maana mwenye njaa huona uongo kila mahali.

Fundi Mng'aro alikuwa amesimama katikati ya jiko lake mwenyewe, akifukuzwa kama paka. Maisha yake yote alipaka magari rangi, mpaka akastaafu, na jina la Mng'aro alilipata kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ndege walishuka kwenye boneti wakidhani ni bwawa. Aliyekuwa akimfukuza ni shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mwanamke aliyeongoza wauguzi wodini mpaka hata kwao nyumbani wakazoea kumwita Matroni.

Mkewe alikuwa ameteleza bafuni akavunjika mkono. Sasa alikaa kwenye kiti cha jikoni, mkono wa kulia ndani ya plasta ngumu, nyeupe kama ukuta wa nyumba mpya. Matroni alikuja kumjulia hali akiwa na begi kubwa, na begi lenyewe lilikuwa tupu. Utupu huo ndio uliomchoma fundi rohoni. Mtu haji na begi tupu kumwona mgonjwa, anakuja kuhamisha.

"Shemeji, usininunie," alisema Matroni. "Mdogo wangu namchukua mpaka plasta itolewe. Hapa nani atampikia? Wewe hata maji ukichemsha yanaungua."

"Yaliungua mara moja tu!"

"Kumbe ni kweli! Mimi nilikuwa natania."

"Lakini mimi..." alianza mkewe.

"Wewe pumzika," walimjibu wote wawili kwa pamoja.

Fundi alitazama ile nyumba: kiti cha mkewe dirishani, kandambili zake mlangoni, redio ambayo hakuna mwingine aliyejua kuituliza isikwaruze. Akajiona akila mkate mkavu peke yake, akizungumza na sufuria. Damu ikampanda.

"Haondoki mtu hapa," akasema. "Kesho mchana napika mimi, peke yangu. Ukibakiza kitu kwenye sahani, mchukue. Ukimaliza, begi lako lirudi kama lilivyokuja."

Matroni alicheka mpaka akashika meza. "Sawa. Ila yeye asitie mkono, wala asitie mdomo. Hata kukohoa kwa maana, sitaki."

"Asitie!"

Buchani, kesho yake asubuhi, alikuta vidari vya bata mzinga vimekwisha. Muuza nyama alimwonyesha kilichobaki: mapaja na miguu, minene, nyama yake nyeusi kama imekasirika.

"Mzee, hii haina wateja. Ngumu. Wengi wanawapa mbwa."

"Kidari kimefanya kazi gani maishani?" aliuliza fundi. "Bata mzinga haruki. Kidari chake kimebebwa tu kama bosi kwenye gari. Aliyetembea, aliyekimbia, aliyempiga teke jogoo, ni mguu. Nifungie yote."

"Yote?"

"Na ule wa kule nyuma unaojificha."

Alirudi akauingia upishi kama anavyoingia karakana. Aliifuta nyama kwa kitambaa safi mpaka ikakauka, kwa sababu rangi haishiki penye maji. Akachanganya sosi yake ya barbekyu kwenye sufuria: nyanya ya kopo, siki, sukari ya kahawia, haradali, kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili ya unga. Akaikoroga ikachemka, ikawa nzito, nyekundu ya damu ya mzee. Rangi hiyo aliwahi kuipaka kwenye gari la bwana harusi, na bibi harusi akakataa kushuka. Akachukua brashi mpya, akaipaka nyama sosi tele, akawasha oveni moto wa juu kabisa, akaisukuma trei ndani. Mkewe pale kitini alifumba macho kama mtu anayeona gari linarudi nyuma kuelekea ukutani.

Haikuchukua muda. Moshi ulitoka kwanza kwa adabu, halafu ukatoka kwa fujo. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alisikika akipiga kelele kwamba nani ameacha pasi juu ya nguo yake. Fundi Mng'aro alipofungua oveni, sosi ilikuwa imekuwa lami, na chini ya lami nyama ilikuwa mbichi, inamtazama.

Matroni alitokea mlangoni na leso puani. "Nianze kukunja nguo?"

"Kunja mikono usubiri! Mchana haujafika."

Matroni hakusubiri. Alikwenda chumbani, na mlango wa kabati ukasikika ukilia. Kisha droo. Kisha zipu ya begi. Kila sauti ilimpiga fundi kifuani. Alisimama na ile trei mikononi, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza akaogopa kwamba usiku ule atalala kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumwambia acha kukoroma.

Ndipo wazo likamjia kichwani, lenyewe, hivi hivi, kama umeme. Akakwangua ile ngozi iliyoungua yote, kama mtu anayekwangua rangi mbovu mpaka kwenye bati. Akapaka chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu peke yake, hiyo ndiyo praima, rangi ya msingi. Akamimina maji kidogo chini ya trei, akaifunika kwa foili, akabana kingo zote, akapunguza moto ukawa mdogo wa kubembeleza. Akaiacha. Kuiacha ndiko kulikomshinda, maana mikono ilimwasha. Alizunguka meza mpaka karibu achimbe mfereji sakafuni.

Nyama ilipolainika hadi uma ukazama bila kusukumwa, ndipo alipofunua foili na kurudi kwenye sosi. Safari hii alipaka tabaka kwa tabaka kama rangi ya gari: mkono wa kwanza mwembamba kama pumzi, akairudisha oveni ikauke. Akagusa kwa kidole: inanata. Akasubiri. Mkono wa pili. Akasubiri. Mkono wa tatu. Sosi ikashika, ikang'aa, kingo zikaanza kukolea weusi kidogo pale penye mfupa, na harufu ikatoka dirishani. Fundi cherehani, aliyekuwa anatukana, alinyamaza katikati ya tusi.

Wakakaa mezani. Matroni alichukua paja kwa uma na kisu, kama anayeanza upasuaji. Nyama ikaachana na mfupa kabla kisu hakijaamua. Akaonja. Akaonja tena. Akaweka uma chini, akashika mfupa kwa mkono. Paja lile liling'aa kiasi kwamba Matroni aliuona uso wake humo, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa kabla ya kuendelea.

Sahani ilibaki mfupa. Mfupa wenyewe ulikuwa safi, ungeweza kuuweka kwenye makumbusho.

"Haya," alisema fundi, akiegemea kiti, tumbo mbele. "Nani hawezi kupika? Semeni sasa. Mambo ya moto mdogo na foili haya hayafundishwi, shemeji. Mtu anazaliwa nayo. Wazo lilinijia lenyewe, hivi hivi, kama..."

"Wazo gani?" aliuliza mkewe.

Fundi akakohoa.

"Nauliza, wazo gani limekujia? Wazo lilikuwa limekaa kwenye kiti hiki, lina plasta, likakwambia, 'Wewe baba, sukari inaungua! Kwangua, funika, punguza moto, sosi iweke mwisho.' Na ulisema nini? Ulisema, 'Sema polepole, dada yako yuko kabatini.'"

Matroni alifuta vidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo mmetia mdomo."

"Nimetia," alisema mkewe.

"Basi dau limeanguka. Inuka, mdogo wangu. Begi liko tayari."

"Dau la nani?" Mkewe hakuinuka. Aliweka ule mkono wa plasta juu ya meza, kishindo kikatikisa glasi. "Mliniweka mimi dau kama mbuzi, mmoja huku mmoja kule, kamba shingoni. Kuna aliyeniuliza? Kila nikifungua mdomo, 'pumzika.' Dada, nakupenda, lakini mkono ndio uliovunjika, mdomo ni mzima. Siendi. Kwangu ni hapa, hata kama chakula ni moshi."

"Nilitaka kukutunza," alisema Matroni, sauti imeshuka.

"Nitunze. Njoo ukae nami mchana tupige soga. Lakini kalale kwako, na nguo zangu zirudishe kabatini kama ulivyozikuta."

Fundi alianza kutabasamu. Alitabasamu mapema mno.

"Na wewe," mkewe akamgeukia. "Umenifanya nimwongopee dada yangu, halafu sifa ukazila peke yako na mafuta yake. Kuanzia leo unapika wewe mpaka plasta itolewe, na mimi nitasema ninavyotaka, kwa sauti ninayotaka. Hukujaliwa kuzaliwa nayo, basi utafundishwa."

"Lakini mke wangu, ile mikono mitatu ya sosi ilikuwa yangu..."

"Hiyo ni yako, hakuna anayekunyang'anya. Na hiyo lami iliyoganda ndani ya oveni nayo ni ya nani?"

Hakukuwa na pa kukimbilia. Fundi alivua shati, akachukua kikwangulio na ndoo ya maji ya moto yenye sabuni, akapiga magoti, akaingiza kichwa ndani ya oveni. Nyuma yake alisikia madada wawili wakigawana mguu wa mwisho, Matroni akimkatia mdogo wake vipande vidogo vidogo, na wote wawili wakicheka, na alijua kabisa wanamcheka nani.

"Shemeji," Matroni akaita, mdomo umejaa, "kona ya nyuma umeiruka."

"Sijairuka!" sauti ya fundi ilitoka ndani kama ya mtu aliye kisimani. "Naiendea!"

Akazama ndani mpaka mabega.