Chapati ya Lekhram

Mke wa Lekhram aliamka na alama nyekundu ya mkono wa mwanamume shavuni, na mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo ukiwa chini ya mto wa Lekhram mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi ya Phagwah, siku ya kupakana rangi. Waimbaji walikuwa hawajafika barabarani. Poda nyekundu ilikuwa bado dukani. Sumintra alinawa kwa sabuni ya kufulia, kisha kwa mafuta ya nazi, kisha kwa ndimu. Vidole vilibaki palepale, vinne na gumba, na kiganja chini ya taya. Akateleka maji ya chai.

"Mkono wa nani huo?" Lekhram aliuliza.

"Chai inapoa."

"Nimekuuliza, mwanamume gani mwingine ameingia humu?"

"Hakuna mwingine."

Lekhram alikuwa mlinzi wa lango la maji, pale mfereji wa mashamba ya mpunga unapotokea baharini. Maji yakipwa alifungua, yakijaa alifunga. Nyumbani alifunga tu. Mkewe hakwenda Phagwah kwa sababu wanaume hushika mashavu ya watu. Hakwenda Mashramani, sikukuu ya jamhuri, kwa sababu watu hukata viuno barabarani. Pasaka hakwenda ukutani pa bahari kurusha tiara, maana upepo wa pale hauheshimu sketi. Diwali taa zilikuwa nyingi mno, kila mtu anamwona kila mtu. Nchi ile ina makabila sita na kila kabila lina sikukuu zake, na Lekhram hakupata mwaka hata mmoja wa kupumzika.

Sasa alitaka kuupata ule mkono. Kuwaita wanaume waje kujipima kwenye shavu la mkewe hakuweza, roho ilimkataa. Akakanda unga, akausukuma, akambandika Sumintra shavuni. Unga ulipochukua rangi akaukata kwa kisu kufuata alama, akauoka kwa moto mdogo usije ukavimba. Ikatoka chapati yenye umbo la mkono. Akaifunga kwenye leso, akamfungia mkewe mlango kwa nje, akaondoka.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Waimbaji walikuwa barazani kwa kiongozi wao, Tularam, wamevaa meupe, wanakaza ngozi ya ngoma.

"Kaka Lekhram," Tularam alisema, "sisi tuko kumi na wawili, nawe unatuletea chapati moja?"

"Weka mkono hapa."

Tularam akauweka. Vidole vyake vilikuwa vifupi. Wakaja wengine mmoja mmoja, wakasubiri zamu bila manung'uniko, kama watu wanaopimwa viatu. Mpiga ngoma kiganja chake kilikuwa kipana kama beleshi. Rashid mchinjaji alikuwa na kidole pungufu.

"Cha kwangu kilichokatika labda ndicho kilichokwenda kwako," alisema Rashid. "Kikirudi nitakutumia salamu."

Walicheka wote. Lekhram hakucheka. Aliona jinsi kila mmoja alivyoishika ile chapati taratibu, na wivu ukampanda kwa kuwa walikuwa wanaishika.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Verlyn, jirani yake, mama wa Kikristo mfuga bata. Mumewe, Cuthbert, alikuwa kwenye kiti, haoni vizuri.

"Jirani," Verlyn alisema, "huyu kiatu chake mwenyewe hakioni, ataiona njia ya kwako?"

Cuthbert akapima hata hivyo. Haukuwa wake.

"Na ukimaliza mikono ya watu nenda kafungue lango. Maji yameingia kwa bata wangu."

"Kazi yangu naijua."

"Na mkono wako je, unaujua?"

Alipofika langoni maji ya bahari yalikuwa yamekwisha kupwa na kujaa tena. Lango halikufunguka. Mashamba yalikuwa yamelala chini ya maji, na mpunga ulikuwa wa kuvunwa juma lile. Lekhram akakaa kwenye boriti. Alikuwa na njaa. Akaifungua leso, akaichukua chapati aile, ikamkaa mkononi kidole kwa kidole.

Akaukumbuka mwaka wa ndoa yao, miaka kumi na sita nyuma. Kijana mmoja wa waimbaji alimpaka Sumintra rangi shavuni, naye Lekhram akampangusa mkewe. Yeye siku zote alisema alimpangusa. Watu waliokuwa barabarani walisikia mlio, na ngoma ilinyamaza.

Moyo wake ukatulia kabisa. Akaila chapati, akarudi nyumbani.

"Ni wangu," alimwambia mkewe.

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Uliuliza mwanamume mwingine. Nikakwambia hakuna."

Usiku ule alilala vizuri. Siku ya pili aliutazama mkono wake wa kulia na hakuupenda. Ulimgusa mkewe yeye akiwa usingizini, bila ruhusa. Akauvisha soksi, akaufunga kwa kamba kiunoni.

Phagwah iliyofuata alama ilirudi, mbichi, gumba na vidole vinne. Nje waimbaji walipita wakipiga ngoma. Hawakubisha hodi. Lekhram alikaa mbele ya mlango na soksi yake.

Vilivyopotea ni hivi. Mpunga wa familia saba. Bata wote wa Verlyn. Kazi ya langoni, akapewa mtu mwenye mikono miwili. Mkono wa kulia wa Lekhram, uliokonda ndani ya soksi ukawa kama wa mtoto. Na kwa Sumintra, Phagwah kumi na saba, Mashramani kumi na saba, Pasaka kumi na saba, Diwali kumi na saba, na Krismasi kumi na sita, maana mwaka mmoja aliruhusiwa kusimama mlangoni.