Harusi Iliyopandia Soga

Mwanamvua alikuwa shangazi wa bwana harusi, na kwao Dunda, Bagamoyo, neno la shangazi lina uzito. Aliposema msafara wa kwenda Dodoma kumwozesha Kitwana utapanda treni ya umeme, macho yote ya sebuleni yalimgeukia Abuu, mdogo wake. Kosta za Abuu, mabasi yake madogo ya abiria, ndizo zilizobeba kila harusi ya ukoo ule.

"Dada, unanivua nguo mbele za watu," alisema Abuu. "Gari zipo, madereva wapo. Tunapita Msata, tunashika Chalinze, huyoo Dodoma."

"Gari zako sizitukani. Lakini unajua ninavyoshinda kule Kaole nikipanda mikoko na wenzangu. Tunapanda, bahari inang'oa, tunapanda tena. Maji yanazidi kutusogelea, na moshi wa magari una mkono wake humo. Siwezi kutoka matopeni kwenye miti, kisha nikaenda harusini na msururu wa moshi wakati treni ya umeme ipo."

"Treni moja itaizuia bahari?"

"Hata mkoko mmoja hauizuii. Ndiyo maana napanda mingi."

Watu wakacheka. Abuu hakucheka. Akamgeukia Kitwana, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye yeye ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. "Na wewe?"

Kitwana akainamisha kichwa. "Ami, niwie radhi. Nitakwenda na shangazi."

"Haya. Wazee wenzangu nitawabeba mimi. Tutaonana huko."

Siku ya safari Abuu aliondoka alfajiri. Mwanamvua na watu wake walikodi gari, wakapita Makofia na Mlandizi hadi stesheni ya Soga. Bi Hija, kungwi wao, alipanda treni akisoma dua zote anazozijua. Walipofika Morogoro alikuwa ameshavua viatu, ameshika kikombe cha chai, anaongoza nyimbo. Hata tone halikumwagika.

Walikuwa wamekwisha kufika kwa wakwe na kupokewa vizuri pale simu ya Mwanamvua ilipolia.

"Dada, tumekwama," ilisema sauti ya Abuu. "Lori limeanguka mbele yetu, njia imefungwa. Msitungoje. Mwozesheni kijana."

Mwanamvua hakujiuliza mara mbili. Alikwenda kwa baba wa bibi harusi, mzee Bader, akamsalimu kwa adabu.

"Mzee wangu, nikaha ilikuwa baada ya Alasiri. Nakuomba tuisogeze hadi Magharibi. Aliyemlea Kitwana yuko njiani."

"Mlezi ni mzazi," alijibu mzee Bader. "Tutangoja."

Abuu aliingia Magharibi ikiadhiniwa, kanzu imejaa vumbi, uso umejiandaa kupokea kejeli. Mwanamvua alimpa maji ya kutawadha na kumwonesha mahali pake, ubavuni mwa Kitwana. Wakati wa ijabu na kabuli, Kitwana alipotamka kuikubali ndoa, Abuu alifuta machozi waziwazi.

Kesho yake aliwaambia madereva warudishe kosta tupu, yeye na wazee watapanda treni. "Wazee wamechoshwa na barabara," alisema, ingawa aliyechoka zaidi alikuwa yeye. Ndani ya treni alikaa dirishani akiangalia milima ikipita bila mngurumo wala harufu ya dizeli.

Waliposhuka Soga aliwaona abiria wamesimama na mizigo yao juani, wakibishana na vijana wa bodaboda.

"Hawa wa kwetu wanarudije Bagamoyo?" aliuliza.

"Kwa kubahatisha," akasema Mwanamvua.

Abuu aliwahesabu kwa kidole, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu kikao kile cha sebuleni. "Dada, ulinificha biashara hii?"

"Ningekwambia ungenisikia?"

Wiki hiyohiyo alianza kufuatilia kibali cha njia, na alipokipata kosta zake ziliacha safari za mbali. Sasa hukutana na kila treni pale Soga, na Abuu mwenyewe ndiye anayeita abiria mlangoni: "Bagamoyo kupitia Makofia! Safari ndefu mmemaliza na reli, hii fupi niachieni mimi!"