Yakuti ya Bi Mwamvita

Nasser Yazid aliuza pete Tabata kwa miaka thelathini na moja, na muda wote huo jiwe lolote jekundu dukani kwake liliitwa yakuti. Hakukusudia kumdanganya mtu. Ndivyo baba yake alivyomfundisha, na waliomletea mawe hawakuwahi kumsahihisha.

Binti yake Ahlam alirudi na shahada ya jiolojia. Kwa kuwa kazi ilikuwa haijapatikana, aliomba ruhusa ya kuyapanga mawe upya. Nasser alikubali akidhani atayafuta vumbi. Ahlam alikaa na lenzi juma zima, kisha akabandika vikaratasi. Kwenye trei ya yakuti aliona ganeti kumi na moja na spineli mbili, mawe mekundu ya kweli lakini si yakuti. Yaliyobaki yote yalikuwa vioo. Nasser alivisoma vikaratasi kimoja kimoja, akauliza kama neno "kioo" linaweza kuandikwa kwa herufi ndogo kidogo.

Jumatatu iliyofuata, adhuhuri, Nasser akiwa msikitini, aliingia Bi Mwamvita, mjane wa Gongo la Mboto. Alileta pete yake ya ndoa. Kijino kimoja kati ya vinne vinavyoshika jiwe kilikuwa kimelegea, na jiwe lilicheza. Alitaka kikazwe tu.

Ahlam aliitazama kwa lenzi, kwa mazoea zaidi kuliko haja. Ndani ya jiwe mlikuwa na viputo vya hewa, na juu palikuwa pamekwaruzika. Akamwuliza kama huwa anaosha vyombo akiwa ameivaa. Bi Mwamvita alisema masufuria ya pilau huyasugua kwa mchanga, na hajawahi kuivua kwa ajili ya sufuria.

Ahlam angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo baadaye.

"Mama, jiwe hili si yakuti," alisema. "Ni kioo."

Bi Mwamvita aliuliza kioo ni jiwe la namna gani. Ahlam akaeleza kwamba yakuti ni madini, yanaitwa korundi, na mchanga hauwezi kuyakwaruza. Madini huwa na chembe zilizojipanga safu kwa safu, kwa utaratibu mmoja ndani mpaka nje. Kioo hakina mpangilio huo. Kilipoyeyushwa kikapoa upesi, kila chembe ikabaki pale ilipokutwa.

Bi Mwamvita alisikiliza mpaka mwisho.

"Marehemu mume wangu Shomari naye hakuwa na mpangilio," alisema. "Nimekaa naye miaka ishirini na sita."

Ahlam hakujua kama amfariji au acheke, kwa hiyo akaandika neno "kijino" kwenye daftari la matengenezo.

Nasser aliporudi alisimuliwa yote, na Ahlam hakuruka kitu. Nasser alimkumbuka Shomari vizuri: alikuja na nguo za kazi za bandarini, akataka kitu chekundu, akauliza mara mbili kama ni yakuti ya kweli. Nasser alimwapia. Sasa alikaa kwenye kiti cha wateja, akachagua ganeti iliyokuwa nzuri kuliko zote, akamwomba Bi Mwamvita aruhusu kubadilishiwa jiwe.

"Niliapa kwa Mungu, Bi Mwamvita."

"Uliapia ulichokijua," alisema. "Kaza jino, Nasser. Mie nataka kuwahi nyumbani."

Akalikaza. Ilimchukua muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu koleo lilimteleza mara mbili. Bi Mwamvita alivaa pete, akaijaribu kwa kidole gumba, jiwe halikucheza. Ndipo akamwomba Ahlam amwandikie karatasi yenye muhuri wa duka, kwamba jiwe ni kioo. Nasser akainama. Bi Mwamvita akasema ana mabinti watatu, na tangu baba yao azikwe kila mmoja amekuwa akimshika mkono wenye pete kwa mapenzi mno. Karatasi ataibandika ukutani, sebuleni.

Ahlam akaiandika. Mama huyo aliikunja, akaitia kwenye pochi, akaaga.

Kesho yake Nasser alifunga saumu. Sheikh wa mtaa alimwambia hana kafara yoyote ya kulipa, kwa kuwa aliapa akiamini. Nasser akasema analijua hilo, akafunga siku tatu. Ya tatu, wakati wa kufuturu, alikula tende mbili, akamwuliza Ahlam korundi inaandikwaje.