Jalada la Jozi ya Nne

Jana niliota mchana kweupe, shavu limelala kwenye meza ya kazi, na ndoto yenyewe ilianza kwa kuombwa kidole gumba.

Nieleze kwanza. Mimi ni Sikitu, na kwa miaka sita nilikuwa mbunifu wa mabango ya harusi na kipaimara hapa Morogoro. Kazi ile ina sheria moja: asiyewekwa kwenye bango ananuna. Kwa hiyo unaweka maharusi, wazazi wa pande zote mbili, mwenyekiti wa kamati, MC, njiwa wawili na namba ya simu. Kisha nikajiunga na Elibariki, anayeandika programu, na Hidaya, anayetunga hadithi, tukatengeneza mchezo wa kompyuta wa kutisha. Tumeuhangaikia miaka mitatu. Unaitwa Jozi ya Nne. Katika nyumba ya mchezo wanaishi watu watatu, lakini mlangoni kila siku kuna jozi nne za ndala. Ile ya nne ni ya Bi Somoe, marehemu mwenye nyumba. Ikielekea ndani, yumo. Ikielekea nje, anaondoka. Mwenyewe haonekani hata mara moja, mwanzo hadi mwisho.

Jalada, yaani picha ya kuuzia mchezo, lilitakiwa lifike kwenye duka la mtandaoni saa kumi jioni. Tukichelewa, au tukituma kitu ambacho hakuna mtu atakayekibonyeza, miaka mitatu imekwenda na maji. Nami jalada nilikuwa nalo tayari. Lilikuwa na fuvu, popo saba, mwezi, viganja vya damu, msichana anayepiga kelele, Bi Somoe katikati na meno yake, na chini kabisa sura zetu sisi watatu tukitabasamu, tumekunja mikono. Namba ya simu niliiweka kwenye mwezi.

Basi nikasinzia, nikajikuta dukani.

Karani wa duka ni kikata kucha kilichofunga tai. Kimesimama nyuma ya kaunta, kinapiga miayo.

"Lete kidole," kinasema.

"Kidole cha nini?"

"Sheria ya duka. Jalada lisomeke hata likiwa dogo kama ukucha. Lete ukucha."

Nikatoa kidole gumba. Kikachukua jalada langu, kikalibandika juu ya ukucha, likaenea sawasawa. Papo hapo kelele zikaanza. Popo wanakanyagana. Msichana hapigi tena kelele za kuigiza, anapiga za kweli, maana fuvu limemkalia mguuni. Nikainua kidole karibu na jicho, nikaiona sura yangu mwenyewe imebanwa kati ya kiganja na mwezi, bado inatabasamu. Niliona aibu.

"Hawa wanapumua vipi?" karani anauliza.

"Sikufikiria kwamba watapumua."

"Mh. Wote huwa mnasema hivyo."

Akaja mteja, anakimbia. Wateja wa duka lile wote wanakimbia. Huyu ameshika mfuko mdogo, na ndani ya mfuko mna sekunde moja tu, kubwa kama punje ya choroko.

"Kaka, simama uone," nikamwambia.

"Nina sekunde moja, dada. Niangalie nini hapo?"

"Vyote."

Akacheka, akaenda kuimalizia sekunde yake kwenye jalada la jirani, ambalo lilikuwa na ndoo tu. Ndoo nyekundu, gizani. Na mimi niliogopa ile ndoo, sisemi uongo.

Karani akaligeukia fuvu. "Wewe kwenye mchezo uko sehemu gani?"

"Simo," fuvu likajibu bila haya. "Mimi ni wa majalada tu. Tangu Jumatatu hili ni la kumi na nne. Nimechoka, ila mtu akikuita utafanyaje?"

"Na hizi herufi mbona zinatoka damu?"

Kabla sijajibu, duka likawa wodi. Herufi za jina la mchezo zimelazwa kila moja na kitanda chake, zinachuruzika kama nilivyozichora. Muuguzi anapita na kalamu.

"Huyu ndugu yako anaitwa nani?"

"Yule ni Z."

"Hapa kaandikwa nyoka. Tangu aletwe hakuna aliyeweza kumsoma. Mlimjeruhi kusudi?"

"Tulitaka atishe."

"Ametisha nini, mama? Amepungukiwa damu, basi."

Nikageuka kutafuta mlango, wodi ikawa ukumbi wa harusi, na hapo angalau nilijua pa kukaa. Watu wote wa jalada langu wako meza kuu. MC anawatambulisha mmoja mmoja: popo wa kwanza, popo wa pili, popo wa tatu, shangwe kwao! Ukumbini hakuna hata mtu mmoja. Viti mia nne vitupu. Hapo moyo ulinidunda kweli, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiiona siku ya mchezo wetu kutoka, kila nikifumba macho.

Katikati ya meza kuu akasimama Bi Somoe. Akayatoa meno yale, akayapanga juu ya kitambaa cha meza.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Umeniona, umeniamkia. Na mteja naye ataniamkia. Mtu ukishamwamkia utamwogopa saa ngapi? Na haya meno umeyatoa wapi, mjukuu wangu? Mimi nimezikwa na matatu."

"Niliogopa, bibi. Niliona jalada likiwa tupu watasema sikufanya kazi."

"Ukaogopa wewe ili wateja wasiogope." Akavaa ndala zake. "Mliniajiri nisionekane. Nimeacha kazi."

Akaanza kuondoka, pa, pa, pa, na kila hatua mchezo wetu ukawa unapungua chumba kimoja. Najua, kwa sababu nilisikia milango ikifutika. Nikamkimbilia.

"Bibi, nifanye nini?"

"Punguza."

"Nianze na nani?"

"Na wewe."

Nikatia mate kwenye pembe ya khanga. Mama yangu yuko Kilosa, na nilikuwa nimemwahidi kwamba safari hii sura yangu itaonekana dunia nzima. Nikaifuta pale ukuchani. Iliniuma. Nikamfuta Hidaya. Elibariki akanishikilia ukucha kwa mikono miwili.

"Sikitu, unanitoa? Nimeshawaambia wakwe!"

"Utawaambia tena."

Nikafuta popo, mwezi na namba ya simu. Fuvu lenyewe lilishukuru, likaenda zake. Nikamfuta na Bi Somoe. Pakabaki giza na kizingiti cha mlango. Mteja aliyekuwa anakimbia akasimama, akafungua mfuko wake, akauliza kwa sauti ya chini, "Hapo kuna nini?"

"Sikitu!"

Alikuwa Elibariki, ananitikisa bega. Saa tisa na nusu. Kwenye kompyuta jalada liko vilevile, popo wote saba.

"Mgeni wako yuko wapi?" akaniuliza.

"Mgeni gani?"

"Mwenye ndala."

Ofisini kwetu viatu vinaachwa nje, tangu Hidaya alete zulia. Sisi tuko watatu. Mlangoni kulikuwa na jozi nne. Ya nne ilikuwa ya bluu, imelika kisigino cha kushoto, imeelekea ndani.

Nilipiga picha kwa simu, nikafuta jalada zima, nikaweka ndala zile peke yake gizani, na jina kwa herufi nyeupe zisizoumwa. Nikalipunguza mpaka likalingana na ukucha wangu. Likasomeka. Hidaya aliliangalia mara moja tu, akahamisha kiti chake mbali na mlango.

Elibariki alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejua mambo. "Inatisha, hongera. Ila tuweke fuvu kidogo. Pale kwenye kona. Dogo tu."

Nje pakasikika pa, mara moja.

Tuligeuka wote watatu. Ndala za bluu zilikuwa zimeelekea nje.

"Tuma hivyo hivyo," alisema Elibariki, na kipanya alininyang'anya yeye mwenyewe.