Nani Yuko Juu ya Mzee Pranlal

Mimi, Abdulrauf wa Uthiru, fundi wa kompyuta wa duka la vitambaa la Mzee Pranlal na mdogo wake Kailash, ndimi niliyejinyima likizo ya kwenda kuoa. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa. Maureen, msimamizi wangu pale ofisini, alianza zamani.

Kabla yangu, mtu akitaka ruhusa aliingia chumba cha nyuma, ambako ndugu hao wawili hukaa wakitazamana, meza kwa meza, akamwomba yeyote ambaye hakuwa kwenye simu. Mimi nikaona huo ni ushamba. Nikatengeneza jedwali: kila mtu mstari wake, na kwenye kila mstari jina la mkubwa wake. Huyo mkubwa naye yumo kwenye jedwali lilelile, na mstari wake unamtaja mkubwa wake yeye. Kompyuta hupanda hivyo, mstari kwa mstari, mpaka imfikie mtu asiye na mkubwa. Huyo ndiye mwenye neno la mwisho. Nikaongeza na ukali wangu: kompyuta ikimkosa wa mwisho, ombi limekataliwa. Tena nikabandika tangazo ukutani, sahihi yangu chini, kwamba atakayeondoka bila ruhusa ya kompyuta amejifuta kazi.

Nikahi yangu ilikuwa Ijumaa, Mombasa, kwa kina Nisreen, mchumba wangu. Jumatano asubuhi nikatuma ombi, nikaagiza chai.

"Rauf, leave yako imekataliwa," Maureen akasema.

"Imekataliwa na nani?"

"Na wewe. Si ni wewe ulisema hii system haina mchezo?"

Nikakimbilia kutazama. Ombi lilikuwa limepanda kutoka kwangu hadi kwa Maureen, kwa Kailash, kwa Mzee Pranlal, halafu kwa Kailash tena, kwa Pranlal, kwa Kailash, likizunguka mpaka kompyuta ikachoka. Nilipokuwa nikijaza jedwali nilimuuliza kila ndugu peke yake nani mkubwa wake, na kila mmoja akamtaja mwenzake. Mimi mtaalamu nikaandika bila hata kukohoa.

Kurekebisha ni kazi ya dakika: unaifundisha kompyuta isimame ikikutana na jina ambalo imekwisha kulipita. Lakini isimame kwa nani? Kumweka Kailash juu ni kumtukana kaka yake. Kumweka Pranlal ni kusema Kailash, anayebeba duka zima, ni kibarua.

Simu ikalia. "Babangu auliza, waja ama huji?" Nisreen akasema. "Watu washaalikwa, Rauf. Usinitie aibu."

Nikameza kiburi changu, ambacho si kitu kidogo kumeza, nikaingia chumba cha nyuma.

"Mzee, lazima mmoja wenu awe juu," nikasema.

Mzee Pranlal akaweka kikombe chini. "Mimi nakunywa chai tu hapa. Kazi yote ni ya Kailash. Mkubwa ni yeye."

"Huyu aliacha shule ndio mimi nisome," Kailash akasema. "Sasa nikae juu yake? Haiwezekani."

Hawakuwa wakiongea na mimi tena. Walitazamana, kisha kila mmoja akainamia karatasi zake. Niliona aibu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo humu ndani, na duka lilikwenda vizuri, mpaka nilipokuja mimi na akili zangu.

Mzee Pranlal akainua macho ukutani, kwenye picha ya mama yao, waliyemwita Ba, iliyovikwa shada la maua ya plastiki.

"Andika Ba," akasema. "Yeye juu, sisi wote wawili chini yake."

"Lakini Mzee, Ba..." Nikakwama. Utamwambiaje mtu kwamba marehemu habonyezi kitufe? "Atakubali maombi vipi?"

"Ba hajawahi kukatalia mtu," Kailash akasema.

Basi nikaandika hivyo: ombi likimfikia Ba, limekubaliwa. Nikalituma langu. Likapanda kwa Maureen, kwa Kailash, kwa Ba, likasimama. Mfumo wangu mkali, uliokuja kuwabana watu, sasa hauwezi kumnyima mtu yeyote chochote. Maureen alituma lake kabla sijainuka kitini.

Nikampigia Nisreen. "Nimepata ruhusa."

"Kwa nani?"

"Kwa mama yao."

"Si ulisema alifariki?"

"Ndiyo. Lakini ndiye pekee waliyekubaliana kuwa yuko juu yao."

"Basi ukirudi," akasema, "mchukulie asumini za harusi yetu. Umvue hayo ya plastiki."