Tongotongo za Pompon

Symphorien alikuwa mtu wa kinyaa. Mpishi mzima, miaka kumi na miwili jikoni kwa Madame Clotilde huko Golf, mtaa wa Wazungu, lakini unywele mmoja ndani ya supu ulitosha kumnyima usingizi. Mikono yake aliisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikapauka. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyeachiwa paka mwenye jicho bovu.

Ilikuwa Desemba ya 1961, mabomu yakianza kuanguka Elisabethville, askari wa Katanga wakipigana na askari wa ONU, Umoja wa Mataifa. Madame alipakia masanduku akimbilie Rhodesia. Kabla ya kuwasha gari alimkabidhi Symphorien kichupa cha dawa yake mwenyewe ya macho, pamoja na karatasi: matone mawili asubuhi, matone mawili jioni.

"Pompon akikufa, wewe hapana kaa hapa tena. Unasikia?"

"Ndiyo, Madame."

Alisikia vizuri mno. Yeye alikuwa Mkasai, mtu wa kuja machoni pa Wakatanga, na Wakasai wenzake walikuwa wamefukuzwa mitaani mwao, wakarundikana kambini katika vibanda vya magunia, ONU ikiwalinda. Dada yake Mujinga alikuwa huko. Symphorien alikwenda kumwona mara moja tu. Vyoo vilikuwa vimefurika, nzi wamewaganda watoto midomoni. Alitapika mbele ya dada yake, akaona haya, hakurudi tena. Chumba chake kidogo nyuma ya jumba la Madame ndicho kilichomwokoa na uvundo ule, na sasa chumba chenyewe kilining'inia kwenye jicho la paka.

Na jicho gani! La kushoto lilikuwa limefumba nusu, linachuruzika machozi, na kwenye kona ya pua ile ngozi ya ndani imejitokeza, nyeupe, yenye utelezi. Asubuhi kope zilikuwa zimegandamana kwa tongotongo za manjano. Symphorien alizibandua huku amegeuza uso, akatia matone, kisha akakimbilia sabuni. Mchana hakula. Usiombe kuona mayai yakikaangwa baada ya kazi ile. Siku za kwanza wekundu ulipungua, akajipongeza. Siku ya sita jicho likaingia ukungu wa buluu, katikati pakawa na kishimo, na harufu ikaanza.

Nyumba ya pili alikuwa amejihifadhi Papa Zéphirin, mzee wa Kilwa ya Ziwa Mweru, muuguzi wa mifugo aliyezoea ng'ombe na nguruwe. Risasi zilipotulia akaja. Aligusisha kijikaratasi chenye rangi kwenye jicho la Pompon, akasubiri kidogo. Pale katikati pakang'aa kijani.

"Unaona? Hapa, fasi yenye rangi inashika, ndio kidonda kiko. Ku mwanzo alikuwa anafunga-funga jicho, anakimbia mwangaza?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi alikwaruzwa. Hii dawa iko muzuri kwa macho ya Madame, yenye inawasha tu. Ku kidonda inaondoa wekundu, unawaza iko inapona, kumbe chini inaoza. Ukiendelea, jicho itapasuka. Nani alikuambia utie?"

"Madame."

"Na wewe haukuuliza?"

Kuuliza! Kwa Madame mpishi haulizi. Ukiambiwa chumvi, unatia chumvi. Symphorien alitazama vidole vyake, vile visafi, vilivyoliozesha jicho la kiumbe mara mbili kwa siku bila kukosa, na akajichukia.

Papa Zéphirin alimwachia malhamu na maagizo. Maji yachemshwe na chumvi kidogo, yapoe. Pamba ifute kutoka kwenye pua kwenda nje, kila mfuto pamba mpya, na ile ya jicho bovu isiguse zima. Shingoni kola ya katoni, asijikune. Symphorien alifanya yote, akilaani kila asubuhi. Usaha ulimrukia mkononi, paka akamparura. Hakuacha. Wiki ya tatu kishimo kikajaa. Likabaki kovu jeupe na unyevu kidogo, na Pompon akaanza kufuata kivuli cha mkono kwa jicho lile lile.

Madame alirudi katikati ya Januari, ananukia vizuri. Symphorien alimletea paka barazani. Madame aliinama, akaona jeupe lile, akajibana pua kwa leso.

"Quelle horreur! Wewe nafanya nini?"

"Madame, ni ile dawa. Papa Zéphirin alisema haikukuwa ya kidonda. Lakini alipona, anaona."

"Wewe natia mingi. Bon. Tia yeye mu gunia, tupa mu mutoni. Mi nachukua ingine, ya muzuri. Wewe bakia, wewe mupishi muzuri. Nawa mikono, pika."

Kumbe chumba kilikuwa chake bado. Gunia tu, basi, na kitanda chake kingebaki chake, na sabuni yake. Symphorien alikwenda jikoni, akachukua gunia la viazi, akalikung'uta. Akamtazama Madame kupitia mlango: leso bado ipo puani, na kwa mkono wa pili anajimenyea ndizi. Kichefuchefu kikampanda, na safari hii paka hakuwa karibu.

Alifungua mikanda ya aproni, akaiweka mezani.

"Madame, mi nachukia hii paka," alisema. "Lakini nachukia zaidi kukupikia."

Alikunja shati lake la pili pamoja na pamba na malhamu, akatoka na Pompon kifuani, njia ya kambini. Mujinga alimwona kwa mbali, akasimama kwenye matope akimngoja. Uvundo ulimpokea kwanza. Jicho la paka lilikuwa limemlowesha kola ya shati. Symphorien alitema mate, akapangusa kola yake, kisha akauliza maji ya kuchemsha yanapatikana wapi.