Mkato Kwenye Jina la Mshonaji

"Umenifuta! Sema tu umenifuta, tusipotezeane muda."

"Nikufute wewe? Ungekuwa unafutika ningekufuta zamani."

Hapo ndipo nilipofungua mlango wangu. Nani angebaki ndani? Mshonaji alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Katibu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, mkono mmoja kiunoni. Katibu alikuwa ameuziba mlango wake kwa mwili mzima, mwiko mkononi, na nyuma yake sufuria ikinukia vitunguu.

Mimi nakaa mlango unaotazamana nao. Jengo zima wananiita Redio, na sijawahi kuuliza kwa nini. Kazi yangu ni kutengeneza simu na kompyuta, kwa hiyo ugomvi ule ulinihusu pande zote.

Katibu alipiga chapa ofisini miaka thelathini kabla ya kustaafu, na sasa ndiye anayetuandikia barua pepe sisi wapangaji kwa niaba ya wakala wa mwenye nyumba. Wiki mbili nyuma alituma barua: kila mwenye chumba cha kazi huku chini ajibu kabla ya Jumatano kwamba bado anakihitaji. Asiyejibu atahesabiwa amekiacha. Wenye vyumba ni watatu. Wawili walijibu. Leo Ijumaa, saa saba mchana, wakala anakuja na kufuli jipya kufunga chumba cha Mshonaji, na humo ndani mna vyerehani viwili na sare arobaini za wanafunzi zinazongojewa Jumatatu.

"Barua sikuiona," Mshonaji alisema, "na sikuiona kwa sababu hukuituma. Unataka nitoke kwa vile cherehani kinakupigia kelele ukutani."

"Kelele ni zako, si za cherehani. Cherehani kinajua kunyamaza."

Nikacheka. Wote wawili wakanigeukia.

"Na wewe Redio unachekelea nini?" Katibu akafoka. "Si fundi wewe? Ingia uone mwenyewe kama sikutuma. Ila wewe, bibi wa sindano, baki hapo hapo. Kwangu huingii."

"Kwako kuna nini cha kuingilia?" Lakini alibaki pale kizingitini, shingo ameinyoosha ndani kama twiga.

Kompyuta yake ni ya mezani, ya zamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama maiti ya heshima. Nikaifunua, nikafungua barua zilizotumwa. Ipo. Tarehe ipo, na juu yake imeandikwa imekwenda kwa orodha ya "Wapangaji Wote".

"Unaona?" Katibu aliusemesha mlango. "Wote! Au wewe si mtu?"

"Mtu mimi. Orodha yako ndiyo haina watu."

Nikaifungua orodha yenyewe. Jamani! Katibu hakutuandika kwa majina yetu. Alituandika anavyotuona. Kulikuwa na Baba Bamiza Mlango, na Mjane wa Paka, na wale wa juu aliowaita Warukaji. Wote amewapanga kwenye mstari mmoja, safi kabisa, kila mmoja kafuatwa na mkato, kama walivyofundishwa wapiga chapa wa zamani. Nikauma midomo. Nikaenda kwenye kikasha cha taka, nikakuta barua nyingi hazijafunguliwa.

"Hizo za matapeli," Katibu alisema. "Kila nikituma kitu zinakuja. Kizungu kitupu, kutoka kwa mtu nisiyemjua. Sifungui mimi."

"Hawa si matapeli, mama. Hizi ni barua zako, zinarudi."

Na hapa niseme ukweli: mdomo wangu huwa hausubiri kichwa. Nikaisoma ile ya wiki mbili nyuma kwa sauti, huku nikitafsiri. "Inasema barua haikufika. Hakuna mtu mwenye anwani ya... Mdomo Cherehani."

Vitunguu vikasikika vikichachatika jikoni.

"Nani?" ikauliza sauti ya mlangoni, taratibu sana.

Sasa ningemezaje? Nikaeleza. Kwenye kitabu chake cha anwani, Katibu alikuwa ameandika: Mshonaji, Mdomo Cherehani. Na kompyuta haijui utani. Ikiona mkato inajua jina limeishia hapo, linaanza la mtu mwingine. Ikamtafuta mtu aitwaye Mshonaji peke yake, haikumpata. Ikamtafuta Mdomo Cherehani, haikumpata vilevile. Anwani ya kweli ya Mshonaji haikuguswa hata siku moja.

"Miaka ishirini nakata nguo za watu," Mshonaji alisema, "leo nakatwa mimi. Kwa mkato! Na tusi juu!"

"Si tusi. Ni kumbukumbu. Wako washonaji wawili mtaani."

"Na huyo mwenzangu umemwandikaje? Malaika?"

Nilikuwa nataka kucheka tena, kisha nikaona barua nyingine iliyorudi. Redio, Usimwambie Kitu. Nikaisoma mara mbili. Kumbe miaka miwili sijapata barua hata moja, na sikujua, maana mimi habari zinanifikia kabla hazijaandikwa! Ile ya vyumba niliisikia kwenye ngazi, nikaitangaza nyumba tano. Mlangoni kwa Mshonaji nilipita tu. Nilidhani anajua.

Katibu alikuwa ameinama sikioni kwangu. "Zifute hizo," alinong'ona. "Mpe jina zuri, tutume upya. Wakala nitamwambia mtandao ulisumbua."

"Atauliza wale wengine mtandao wao ulitoka wapi. Ushahidi ni huu tu, wenye tarehe."

"Na wenye hilo jina."

"Na wenye hilo jina."

"Basi akifunge hicho chumba!" akasema kwa sauti. "Miaka thelathini sijapoteza barua. Siwezi kuonekana mzembe na mmbea kwa karatasi moja."

"Kwani si ndivyo ulivyo?" Mshonaji akajibu. Mambo yalikuwa yanarudi kule kule tulikoanzia.

Wakala alifika saa saba kasoro, kufuli likiwa bado kwenye pakiti yake. Mtu wa haraka, hana salamu ndefu. "Katibu, barua ilimfikia au haikumfikia? Sina siku nzima."

Mshonaji alikuwa anaangalia lile kufuli tu, huku utepe anauviringisha kidoleni. Katibu alimtazama, akautazama na ule utepe. Kisha akaninyang'anya kipanya, akabonyeza mwenyewe, na mashine ya kuchapia ikakohoa ile barua iliyorudi.

Wakala akaisoma. Mabega yakaanza kumtikisika. "Mdomo Cherehani ndiye huyu?"

"Ndiye. Jina nimeliandika mimi. Barua haikumfikia, na kosa ni la orodha yangu." Alisema kwa ukali, kama vile kosa ni la wakala.

"Tuma upya sasa hivi. Ajibu nikiwa hapa."

Nikaufuta ule mkato na vyote vilivyoufuata. Likabaki Mshonaji.

"Ongeza 'wa chumba cha kwanza'," Katibu akaamuru. "Bila mkato!"

Tukatuma. Simu ikalia kwenye mfuko wa aproni ya Mshonaji. Akaandika kwa vidole gumba viwili, herufi kubwa tupu: NAKIHITAJI. Wakala akaisoma kwenye simu yake, akarudisha kufuli mfukoni, akaondoka akicheka hadi barabarani. Jioni mtaa mzima ungejua, na safari hii si kutoka kwangu.

"Na wewe," Katibu akamuuliza Mshonaji, "kwenye simu yako umeniandikaje?"

"Jirani."

"Onyesha."

"Imekwisha chaji." Ilikuwa imelia sasa hivi.

Harufu ya kuungua ikatufikia. Katibu akakimbilia jikoni, tukasikia sufuria ikiburutwa na maneno ambayo siyaandiki. Mshonaji akageuka aende zake.

"Wewe! Unakwenda wapi?" Katibu alitokeza, mwiko juu. "Umenisimamia mlangoni tangu asubuhi, umeniunguzia mboga, halafu uende zako niile peke yangu? Ingia. Redio, sogeza kiti. Ingia ule, bibi we, na huo mdomo leo utafune, usishone."